Mdhamini Ambaye Hakutia Saini

Nilipimwa presha kwa mara ya kwanza nikiwa na miaka 22, na sikuwa nimeomba kupimwa. Ilikuwa likizo ya Pasaka mwaka 2017, nyumbani Kilosa. Binamu yangu, mtoto wa mjomba, alikuwa mwaka wa kwanza kwenye mafunzo ya utabibu, na kama wanafunzi wote wa fani hiyo alikuwa anatafuta mikono ya kufanyia mazoezi. Alikuja na mashine yake ya kujaza upepo kwa mkono, akatupanga kwenye mkeka uani: mama, bibi jirani, mimi. Mama, mwenye miaka 53 na jembe lake, akatoka na 118 kwa 76. Bibi jirani akatoka na zake, akaambiwa apunguze chumvi, akacheka. Ilipofika zamu yangu binamu alipima, akanyamaza, akapima tena. Akaniambia nikae kimya dakika tano. Akahamia mkono wa pili. Mwisho akasema kwa sauti ya kila mtu kusikia, "Mashine hii imechoka," akafunga mfuko wake.

Jioni alinifuata kwenye kamba ya nguo. "Kaka, mashine haijachoka. Una 150 kwa 98. Kipimo cha siku moja hakitoshi kusema mtu ana ugonjwa, ila ukirudi Morogoro nenda ukapimwe tena, siku tofauti. Hizo namba si za umri wako."

Nilimjibu maneno mawili tu: "Usimwambie mama."

Nimeyatafakari maneno hayo mawili kuliko kitabu chochote nilichosoma chuoni. Maana ukiniuliza wakati ule, ningekuambia moyo ni wangu, chipsi ni zangu, usingizi niliokosa ni wangu. Sasa kama ni hivyo, niliogopa nini? Mtu akiuharibu moyo wake mwenyewe, amemkosea nani? Na kama hajamkosea mtu, kwa nini anaficha?

Ngoja nieleze tulivyokuwa tunaishi, bila kujipamba. Bumu likiingia, wiki mbili za kwanza kila mtu ni mfalme: kuku, soda, bodaboda mpaka mlangoni. Wiki zinazofuata unahesabu sarafu. Asubuhi hakuna kifungua kinywa kwa sababu uliamka umechelewa. Mchana wali maharage kwa mama ntilie, kama foleni inakubali. Chakula chenyewe cha siku kinakuja saa nne usiku, na jina lake ni zege: chipsi zilizofungwa na mayai, mafuta yanachuruzika kwenye mfuko, chumvi inamwagwa bila kipimo, juu yake kachumbari kidogo na tomato nyingi. Halafu unarudi kupiga msuli. Karibu na mitihani, msuli hauendi bila chupa ya enegi, moja saa tano, nyingine saa nane za usiku. Walikuwepo wenzetu waliosindikiza na sigara, moja moja, "za kuondoa usingizi". Hofu yetu ilikuwa sapu, na nyuma ya sapu, kudisco. Mbele ya kudisco, moyo ni nini?

Na kila muhula kondakta wa basi alinishushia kopo kutoka kwa mama. Ndani yake karanga za kukaanga, zimekolea chumvi kama nilivyozipenda tangu utotoni. Kopo halikumaliza wiki.

Ukitazama orodha hiyo hutaona dhambi. Hakuna aliyemwibia mtu. Tena kilichonishangaza baadaye ni kwamba tuliyaona mambo hayo kama maadili mema. Aliyelala saa nne usiku alionekana hana malengo. Aliyekesha siku tatu alisimuliwa kwa heshima, kama askari aliyerudi vitani. Kuuchosha mwili kulikuwa ushahidi kwamba unaithamini ada ya wazazi. Tukawa tunaharibu kitu kimoja cha wazazi ili kuheshimu kingine.

Neno lenyewe "presha" lilikuwa midomoni mwetu kutwa nzima. Usinipe presha. Huyu mwalimu ana presha. Simba na Yanga wakicheza, presha inapanda, presha inashuka. Ndivyo Kiswahili kilivyoutwika moyo kazi zote: unapewa moyo, unavunjika moyo, unakufa moyo, unajitolea kwa moyo mmoja, unalo jambo moyoni. Kazi moja tu ndiyo hatuitaji, ile ya kusukuma damu, karibu mara laki moja kwa siku, bila Jumapili. Hata fasihi yetu imemzoea zaidi msomi anayeugua kichwani. Kazimoto wa Kezilahabi, katika *Kichwamaji* ya mwaka 1974, ni mwanafunzi wa chuo kikuu anayerudi kwao, na tatizo lake ni mawazo. Nilipoisoma nilijiona mle ndani. Sikufikiria kwamba msomi anaweza kurudi kijijini akiwa na tatizo jingine, ambalo mashine ya binamu yake italiona kabla yake.

Nirudi kwenye swali. Jibu la haraka la kijana ni "maisha ni yangu", na jibu hilo lina watetezi wakubwa. Mwingereza John Stuart Mill, katika kitabu chake cha mwaka 1859 kuhusu uhuru, alishikilia kwamba jamii haina haki ya kumlazimisha mtu mzima kwa sababu tu anajidhuru mwenyewe. Unaweza kumshauri, kumsihi, kumbembeleza. Kumlazimisha, hapana, mpaka madhara yaguse wengine. Naliheshimu wazo hilo. Nisingependa kuishi kwenye nchi ambayo askari anasimama mbele ya banda la chipsi.

Lakini mtu huyo wa Mill, anayejimiliki mwenyewe kama kiwanja chenye hati, sijamkuta Kilosa. Sisi Wakaguru tunahesabu ukoo kwa upande wa mama. Mjomba ana neno juu ya mtoto wa dada yake kuliko mtu wa mbali anavyoweza kudhani. Nilipopata nafasi ya chuo, kikao kilikaa kwa mjomba. Mmoja akatoa gunia la mahindi, mwingine akauza mbuzi, mama akaingia vikoba. Ile Pasaka, kijana aliyeshika mkono wangu na kusoma 150 kwa 98 alikuwa mtoto wa mjomba yuleyule. Kusema mbele yake kwamba moyo ni wangu peke yangu kungekuwa sawa na kusema lile gunia la mahindi nililivuna mwenyewe.

Hata hivyo hoja hii ya ukoo haitoshi, na ningekuwa mwongo kuiacha hapo. Inaweza kugeuka fimbo. Inaweza kumfanya kijana ajione mtaji wa watu, ng'ombe anayetunzwa ili akamuliwe. Tuseme yupo yatima, hana mjomba, hana gunia la deni. Je, yeye aruhusiwe kujimaliza? Moyo wangu unakataa. Kwa hiyo lazima kuwe na mtu mwingine anayekosewa, hata pale ambapo ndugu hawapo.

Huyo mtu nilimpata kwa mwanafalsafa mwingine Mwingereza, Derek Parfit. Katika *Reasons and Persons*, kitabu cha mwaka 1984, anamtaja kijana anayeanza kuvuta sigara huku akijua, bila kujali sana, kwamba huenda atateseka miaka hamsini baadaye. Parfit anatuomba tumfikirie yule mzee wa baadaye karibu kama mtu mwingine. Kati yangu na yeye kuna uzi, ndiyo, lakini uzi huo unakonda kadiri miaka inavyokwenda. Atakuwa na mawazo mengine, marafiki wengine, pengine hata imani nyingine. Na kama ni karibu mtu mwingine, basi ninachomfanyia si suala la busara peke yake. Ni suala la haki.

Kwa mwanafunzi wa Tanzania hili halihitaji maelezo marefu. Sote tulijaza fomu za Bodi ya Mikopo. Kwenye fomu kuna mahali pa mdhamini: jina, picha, kitambulisho, saini. Hakuna saini, hakuna mkopo. Na ukiajiriwa, asilimia 15 ya mshahara wako inakatwa mpaka deni liishe. Tunalalamika, lakini angalau mkopaji na mdhamini walijua wanachofanya.

Sasa tazama mkopo ule mwingine. Ninakesha leo, analipa mwenye miaka 45. Ninakula chumvi leo, mishipa inayokakamaa ni yake. Nimemweka mdhamini mtu ambaye sijawahi kumwona, hakuitwa kwenye kikao, na hana namna ya kukataa. Mzee nitakayekuwa ndiye mtu mnyonge kuliko wote ninaowajua: kila kitu chake kiko mikononi mwangu, na hawezi hata kupiga simu.

Kibaya zaidi, mkopo huu hautumi barua. Shinikizo la damu la juu, lile la kuanzia 140 kwa 90, kwa kawaida haliumi wala haliwashi, na mtu hucheza mpira nalo. Madaktari hulihesabu kuwa ugonjwa baada ya vipimo vya siku tofauti. Kwa kijana huangalia pia figo, kwa sababu mara nyingine chanzo kinajificha huko. Nchi yenyewe ilipofanya utafiti mkubwa wa kitaifa wa magonjwa haya mwaka 2012, iliwapima watu wa miaka 25 hadi 64, na karibu robo yao walikutwa na shinikizo la juu. Angalia umri wa kuanzia. Wanafunzi wengi wa shahada ya kwanza bado hawajafika hapo. Hata hesabu ya taifa inaanza tukishatoka chuoni. Miaka ile tunayokopa, hakuna anayeandika.

Watu wa Kilosa tunajua namna madhara yasiyoandikwa yanavyokusanyika. Mto Mkondoa ulijaza mchanga kidogo kidogo, msimu hadi msimu, huku tuta la zamani la kuzuia maji likichoka. Desemba 2009 na Januari 2010 mto ukaingia mjini. Nilikuwa na miaka 15. Nakumbuka reli ikining'inia hewani kama kamba, udongo ukiwa umezolewa chini yake, na maelfu ya watu kwenye mahema. Tulizoea kusema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ila ukiniuliza ni siku gani hasa mto ulikuwa hatari, siwezi kukutajia. Hapakuwa na siku. Kila mchanga ulioingia ulikuwa mdogo, na kila mwaka ulifanana na uliopita. Ndivyo lilivyo zege la usiku mmoja. Haliui mtu, na kwa sababu haliui, kesho unalirudia.

Nina sababu nyingine ya kutozungumza kwa kiburi juu ya chipsi, na hiyo iko Mikumi.

Baba alikuwa dereva wa malori, Dar hadi Tunduma. Shule zikifungwa, mama alikuwa ananipandisha gari la Mikumi, barabara ile inayopita Ulaya. Sisi watoto wa Kilosa tulipenda kutamba kwamba tumefika Ulaya bila pasipoti. Ninamsubiri baba kwenye mji ule wa barabarani ambapo mabasi na malori yote ya nyanda za juu husimama kula. Moshi wa nyama, makarai ya chipsi, mahindi ya kuchoma, wachuuzi wakikimbiza madirisha. Baba anashuka, mgongo umeganda, jasho limekauka shingoni, anasema, "Haya mzee, unakula nini?" Tunakaa kwenye viti vya plastiki. Nyama ya mbuzi, chipsi, soda mbili baridi, chumvi pembeni kwenye karatasi. Saa moja hiyo ndiyo niliyokuwa nayo kwa baba katika mwezi mzima.

Siku nyingine alinibeba kwenye lori kidogo, kilomita hamsini hivi za barabara zinazokatiza Hifadhi ya Mikumi. Alipunguza mwendo kwenye matuta, akanionyesha kibao chenye orodha ya faini kwa kila mnyama atakayegongwa. Akacheka. "Unaona? Twiga ana bei yake. Dereva hajaandikwa."

Nilikuja kusoma baadaye kuhusu yule twiga. Presha yake ni karibu mara mbili ya ya binadamu, kwa sababu damu lazima ipande shingo ndefu mpaka kwenye ubongo. Moyo wake unaweza kufika uzito wa kilo 11 hivi, ngozi ya miguu yake imebana kama soksi ili maji yasijae chini, na mishipa yake imeumbwa kubeba mzigo huo maisha yake yote. Kwake presha kubwa ni afya. Binadamu akibeba mzigo wa namna hiyo miaka mingi, moyo unanenepa kuta, unakakamaa, unachoka. Mishipa ya ubongo na figo inalipa pia. Tunapita hifadhini tukimshangaa twiga, kumbe ndani ya basi tumejaa watu tunaojaribu kuishi kama yeye bila kuumbwa kama yeye.

Baba alifariki mwaka 2011, akiwa na miaka 51. Alikaa kitandani asubuhi kuvaa viatu, akaangukia ubavu. Msibani walisema presha ilimpanda. Wengine walinong'ona mambo ya watu wabaya wa kazini kwake. Ukweli ni kwamba kama aliwahi kupimwa, hatukuwahi kusikia. Alikuwa mtu wa kuficha maumivu ili tusihangaike, na sote tulimsifu kwa hilo. "Baba yenu alikuwa jasiri," waliniambia.

Kwa hiyo nilipokuwa nakula chipsi saa nne usiku Morogoro, sikuwa nakula ujinga tu. Kwa namna fulani nilikuwa nimekaa tena kwenye kiti cha plastiki Mikumi. Wale wanaotuhubiria kuhusu ulaji wanasahau kwamba tabia nyingi mbaya tulifundishwa na watu waliotupenda, katika saa zetu za furaha. Neno "tabia" lina maana zote mbili, kile unachokifanya kila siku na jinsi ulivyo. Ukimwambia mtu aache tabia, unamwambia aache sehemu ya kwao.

Na kuna upande wa haki ambao hauko mikononi mwa mwanafunzi. Kantini inafungwa mapema, ratiba inabana, fedha inachelewa, na kinachopatikana usiku ni karai la mafuta. Mtu mwenye sarafu chache hununua kinachoshibisha. Ukimlaumu peke yake umemwonea. Lakini pia sitaki kujificha nyuma ya umaskini. Morogoro ni mji wa matunda na mboga kutoka milima ya Uluguru. Ndizi mbili zilikuwa nafuu kuliko enegi moja. Chukua chupa ya nusu lita yenye gramu 11 za sukari kwa kila mililita 100: hiyo ni gramu 55, wakati Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima wa kawaida asizidi gramu 50 hivi za sukari ya kuongezwa kwa siku nzima. Namba zilikuwa nyuma ya chupa, kwa herufi ndogo. Sikusoma, mimi niliyekuwa nakesha nikisoma. Na kutembea kutoka geti mpaka bwenini hakukuhitaji bumu.

Kwa hiyo nilipoteza, kwa uvivu wangu na kwa mazingira yangu, vyote viwili. Ningesamehewa hayo. Ninachojilaumu nacho hasa ni kitu kingine.

Baada ya ile Pasaka sikwenda kupimwa. Muhula ulianza, nikajiambia baada ya mitihani. Baada ya mitihani nikajiambia baada ya fildi. Nilimaliza chuo mwaka 2018. Mwaka 2019 nikapata kazi, na kazi ilitaka fomu ya daktari. Daktari alipima mara tatu: 164 kwa 104. Akauliza kama nimewahi kuambiwa. Nikasema hapana. Hata pale, mbele ya mtu ambaye kazi yake ni kunisaidia, nilificha. Siku ya tatu ya vipimo nikasema ukweli. Figo zilikuwa salama, ila moyo, kwa kipimo cha picha, ulionyesha ukuta umeanza kunenepa. Nikapewa dawa, nikaambiwa chumvi isizidi kijiko kimoja cha chai kwa siku, vyakula vyote vikihesabiwa humo, na nitembee haraka angalau dakika 150 kwa wiki. Daktari hakunigombeza. Alisema tu, "Miaka miwili hiyo ungekuwa umeshaizoea dawa."

Nikapanda basi kwenda Kilosa kumwambia mama. Njiani niliandaa hotuba. Nilidhani atalia, au atamtaja baba, au ataniuliza dawa ni shilingi ngapi. Nilimwambia yote, pamoja na mashine ya binamu na kamba ya nguo. Alikuwa anapeta mchele. Aliendelea kupeta kidogo, kisha akaweka ungo chini.

"Ningejua, baba," akasema, "nisingetia chumvi kwenye karanga."

Basi. Hakusema kingine. Akainuka kwenda jikoni.

Pale ndipo nilipolijua kosa langu kwa jina. Kwa miaka miwili mama alikaa kwenye jiko la kuni, akakaanga karanga, akatia chumvi kwa upendo, akampa kondakta nauli ya kopo. Nilimruhusu. Nilikuwa na habari ambayo ingebadilisha mkono wake, nikainyamazia, na mkono wake ukaendelea kufanya kazi ambayo asingeikubali. Nilidhani ninamkinga na mateso, kumbe nilimnyang'anya nafasi yake.

Hapo ndipo Parfit na mjomba walipokutana kichwani mwangu. Mzee nitakayekuwa hawezi kujitetea. Hana mdomo. Lakini wapo watu ambao leo hii wanaweza kusema kwa niaba yake: mama, binamu mwenye mashine, rafiki wa chumba anayekuona unafungua chupa ya tatu, daktari. Hao ndio wadhamini wenye kalamu. Ukiwaambia namba zako, umewapa nafasi ya kukataa mkopo kwa niaba ya yule asiyeweza kukataa. Ukificha, umebaki wewe na yeye chumbani, na kati yenu wawili mmoja tu ndiye mwenye nguvu. Nadhani ndiyo maana nilificha. Sikuogopa mama aumie. Niliogopa atanizuia.

Ndiyo maana siwezi kumwambia mwanafunzi yeyote kwamba ana wajibu wa kuwa mtakatifu wa mezani. Mimi mwenyewe bado nikipita Mikumi pua inanikumbusha kiti cha plastiki, na mara moja moja ninashuka. Kwa maoni yangu wajibu wa kwanza ni mdogo kuliko huo, na ni mgumu kuliko huo: pimwa, halafu useme. Kuacha chumvi ni kazi ya miezi. Kusema ni kazi ya dakika moja, na ilinichukua miaka miwili. Na ule ujasiri wa baba tuliousifu msibani, siku hizi siusifu tena. Namsamehe, maana alijifunza kwa wanaume waliomtangulia. Lakini kuna siku nakaa nikifikiria angesema nini mama kama angeambiwa mwaka 2008, au 2005. Pengine angehesabu chumvi. Pengine ningekuwa na saa nyingi zaidi za Mikumi.

Mdogo wangu wa mwisho yuko mwaka wa pili chuo kikuu sasa. Anapiga msuli, anakula zege, ana macho mekundu kama yangu ya wakati ule. Pasaka iliyopita tulikutana nyumbani. Siku hizi kuja Kilosa ni rahisi, treni ya umeme inasimama. Binamu naye alikuja, tabibu kamili sasa, na mashine ya betri inayojisomea yenyewe. Tukakaa kwenye mkeka uleule uani. Mama alileta daftari lake la hesabu za mahindi, akafungua ukurasa mpya, akachora mistari ya majina kwa rula.

Ilipofika zamu ya mdogo wangu, mashine ilikoroma, ikanyamaza. Alitupia jicho kioo kabla yetu. Nikamwona anainua uso kumtazama binamu, na nikaijua ile sura, kwa sababu iliwahi kuwa yangu.

Mama hakuinua macho kutoka kwenye daftari. "Soma kwa sauti," akasema.

"132 kwa 84," akasoma.

Mama akaandika.